Tofauti Hulipwa Mlangoni

Baba,

Shikamoo. Barua hii ipokee ukiwa umekaa, na mguu wako ukiwa juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, si umekunjwa chini ya meza kwa ubishi. Nakujulia hali wewe kwanza, kisha goti, kisha macho, maana hao wawili nao wamekuwa wakubwa wa nyumba siku hizi, ndio wanaoamua kama utatoka au utabaki ndani. Mama muuza mkaa naye nampa salamu, na yule paka asiye na shukrani. Mimi ni mzima, ila mgongo. Mgongo wangu umezeeka kuliko mimi. Chakula kinapita, mikono ina nguvu, ni usingizi tu ulionihama, na kilichoufukuza ndicho kilichonifanya niombe karatasi.

Aliyekuletea barua hii ni mpishi wa bwenini kwetu. Mkataba wake umekwisha na anarudi zake. Ni mtu mwema ila ana maneno mengi, mpe maji ya kunywa na usimwamini akisema ninanenepa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huwezekani. Nikikuuliza swali unanijibu kwa dua. Nikiuliza la pili unasema tusimalize salio. Karatasi haikatiki, na huwezi kuiwekea mkono sikioni ukasema husikii. Kama herufi zangu zimelala, unajua niliishia darasa gani, nisamehe.

Nataka kwanza nikueleze kazi yangu ilivyo, maana sijawahi kukueleza sawasawa, na bila hiyo hutaelewa mengine. Ninafanya kazi katika duka ambalo mteja haingii. Ni jengo kubwa kama uwanja, lina rafu kutoka mlango hadi mlango, taa haizimwi na baridi haiishi. Watu wanakaa makwao, wanachagua vyakula kwenye simu, sisi tunavikusanya kwenye vikapu, halafu gari linawapelekea. Wenyewe tunaitana waokotaji, kama watu wa kuokota kuni. Kila mmoja amefungwa kifaa mkononi kama saa. Kinakuambia nenda rafu ile, chukua kile, na ukisimama kujinyoosha kinatetemeka kama mbwa aliyeona mgeni.

Sasa kuna jambo la bei. Mteja anaagiza asubuhi kwa bei aliyoiona asubuhi. Lakini bei atakayolipa ni ile ya wakati mimi ninapokipitisha kitu kwenye mashine, na hapo katikati bei imeshaamka, imenawa uso, imepanda ngazi. Nyama na mboga ndizo mbaya zaidi. Mteja ameomba kilo, na kilo ya kwenye simu ni kilo ya mawazoni. Mimi mkononi nina kipande alichokata mchinjaji, na mchinjaji hajawahi kukosea akapunguza.

Halafu kuna mbadala. Ukifika kwenye rafu ukakuta kitu hakipo, kifaa kinakuuliza kama uweke mbadala. Ukibonyeza ndiyo, unatafuta kinachofanana. Pakiti ndogo ya unga imekwisha, unaweka kubwa. Sabuni ya kipande haipo, unaweka ya maji, ya chupa. Ukibonyeza hapana, pale panabaki wazi, na wanasema kikapu chako kina tundu. Msimamizi wetu, tunayemwita Kengele kwa ajili ya sauti yake, husema mteja akifungua kikapu akakuta tundu anaona amedharauliwa. Mwokotaji mwenye matundu mengi hakai.

Mimi mtoto wa fundi nguo niliielewa lugha hiyo kuliko wote. Nimekua chini ya meza yako nikiokota vipande. Sijawahi kukuona ukimrudishia mtu nguo yenye tundu. Kitambaa kikikosekana ulitafuta kinachokaribiana, ukakigeuza upande wa pili, ukakilaza hadi mwenye nguo mwenyewe akawa hajui kiraka kiko wapi. Basi nami nikawa naziba. Wenzangu walikuwa wanabonyeza hapana na kwenda zao, mimi nazunguka jengo zima natafuta kinachofanana. Ndiyo maana picha yangu ilibandikwa ukutani, pale njia ya kwenda chooni, ikiandikwa chini yake Kikapu Kamili. Niliipiga kwa simu nikakutumia, ukanijibu kwamba umepeleka ikachapishwa na umeitia fremu. Siku ile nilitembea kama mtu aliyepewa mji.

Tofauti ya bei inalipwa na nani, sikuwahi kuuliza. Mlango wa mteja haukuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikwisha gari lilipofungwa.

Unakumbuka zamani nilikuwa nakutumia pesa taslimu. Zikawa zinapita kwako kama maji kwenye chujio. Binamu mwenye kesi, jirani mwenye msiba, yule kinyozi ambaye kila mwaka anafungua kibanda kipya. Wewe hapana huijui kuitamka. Nikakaa nikafikiri, nikaona huko nako limeingia duka la namna hii yetu, mtu analipa kwa kadi popote alipo na mwendesha pikipiki analeta hadi mlangoni. Nikajiona nimepata akili. Nikasema pesa inakopeka, lakini nani atakuja kupiga magoti kukopa majani ya chai. Kwa hiyo nikawa nakuagizia: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, na kila mara kile kichupa cha mafuta ya cherehani, maana najua ukikosa hayo unapaka mafuta ya kula na mashine inaanza kukohoa.

Na kila mzigo ulipofika nilikupigia, nawe ulisema maneno yale yale. Vyote vimefika salama, mwanangu, hakikupungua hata kimoja. Nyuma ya sauti yako nilikuwa naisikia mashine ikipiga mbio zake, unazungumza nami huku mguu unakanyaga. Ile sauti ndiyo iliyokuwa barua yako kwangu, maneno yalikuwa bahasha tu. Kisha siku moja sikuisikia. Na mara iliyofuata sikuisikia. Nikakuuliza, ukasema imepumzika, na wewe umepumzika, umri umefika. Baba, nilifurahi. Niliwaambia hata watu wa bwenini, mzee wangu hatimaye amekaa kitako anakula jasho la mwanawe. Mpishi akanipa kipande cha nyama cha ziada kwa furaha hiyo. Nilikila.

Mwezi uliopita msaidizi wa dereva wetu aliumia kidole, na Kengele akaniambia nipande gari mimi. Dereva ni mtu wa kwetu, anamwita kila mtu shemeji, hata wanaume, hata polisi, nasi tumeliacha hilo likawa ndilo jina lake. Njia nzima alikuwa akinicheka kwamba nimevaa shati safi kana kwamba naenda kuposa. Nilikuwa nimelivaa kweli. Nilitaka kuona watu wanavyopokea vikapu vyangu.

Mwokotaji hamjui mteja kwa sura, anamjua kwa kikapu. Kulikuwa na mmoja niliyemjua hivyo kwa muda mrefu: maziwa, mkate, mchele kidogo, sabuni ya kipande, na samaki wa kopo wa kumlisha paka. Kikapu cha mtu mmoja mzee, hakihitaji elimu kukisoma. Kwa sababu yako nilikuwa nakipenda kikapu hicho, na sikukiacha hata siku moja na tundu. Siku ile tulimpelekea. Anakaa ghorofa ya juu kabisa, lifti mbovu, ngazi zinanuka rangi na kabichi. Akafungua bibi mfupi, sweta limefumwa upya viwikoni kwa uzi wa rangi nyingine. Kwenye meza ndogo karibu na mlango alikuwa ameshaweka pesa zake, zimefungwa kwenye leso, zinasubiri.

Shemeji akamsomea jumla. Bibi akauliza mbona imeongezeka. Shemeji akamweleza kwa sauti ya mtu anayeimba wimbo uliomchosha, kwamba mchele umepanda mchana, na sabuni ya kipande haikuwapo, amewekewa ya chupa. Bibi akauliza ni nani aliyemwekea. Shemeji alinitazama kwa pembe ya jicho, akasema ni kompyuta. Bibi akasema kompyuta haijui yeye anaoga na nini.

Nilicheka kidogo, Baba, nikidhani naye anatania. Hakuwa anatania. Alifungua ile leso, na ndani yake mlikuwa na bei ya asubuhi, kamili, wala hapakuwa na pengine pa kutazama. Mtoto wake alikuwa amelipa sehemu yake kwa kadi na bibi aliweka yake, na lile ongezeko halikuwa na mwenyewe. Akaanza kutoa vitu kwenye kikapu, polepole, kama mtu anayevua nguo mbele ya wageni. Akatoa sabuni ya chupa. Bado. Akatoa mchele. Bado. Akashika maziwa mkono huu na kopo la paka mkono huu, akasimama hivyo, na paka mwenyewe yuko miguuni anajizungusha, hajui kwamba anapimwa. Akanipa mimi maziwa.

Hapo simu yake ikalia. Alikuwa ni binti yake, ndiye anayemwagizia, naye yuko mbali. Lugha yao sasa naisikia. Bibi alituwekea kidole mdomoni tunyamaze, akasafisha koo, na sauti iliyomtoka haikuwa ile aliyokuwa nayo tangu tumefika, ilikuwa sauti ya mtu aliyeshiba. Akasema vyote vimefika, mwanangu. Hakikupungua hata kimoja. Mimi nimesimama mbele yake nimeshika maziwa yake.

Baba, yalikuwa maneno yako. Si yanayofanana. Ni yale yale, na mapumziko yale yale katikati.

Tuliposhuka nilimwambia Shemeji kwamba sikujua. Akasema, shemeji, leo ndiyo unaona? Kila nyumba ya pili ni hivi. Nyinyi mnaziba matundu huko ndani, sisi tunayakuta yamehamia mifukoni mwa watu. Nikamwuliza kama wote wanarudisha. Akasema wanaorudisha ndio wenye nafuu. Wabaya ni wenye heshima zao, hao hawarudishi kitu, wanakuacha mlangoni wanaenda kukopa kwa jirani, na wewe umesimama na kikapu unajiona mwizi.

Sikulala. Kesho yake wakati wa mapumziko nilienda nyuma ya chumba cha barafu, ambako simu inashika, nikampigia mwendesha pikipiki anayekuletea mzigo. Namba yake huwa inaonekana kwenye oda, sikuwahi kuitumia. Mwanzo alidhani napiga kulalamika, akaanza kuapa kwamba mayai yalikuwa mazima alipoyashusha. Nilipomwambia mimi ni nani, akacheka kwa furaha, akasema, kumbe ndiye wewe mwenye mafuta. Nikauliza mafuta gani. Akasema yale ya kichupa, mzee ananipa kila nikija, anasema hana kazi nayo tena, na tangu niyatie kwenye mnyororo pikipiki yangu hailii, nakushukuru sana kaka.

Nilikaa juu ya kreti. Alinishukuru kwa muda mrefu, Baba, nami nilimwacha.

Alipomaliza nikamwuliza ana maana gani hana kazi nayo. Hapo ndipo alipogundua kwamba sijui, akataka kurudi nyuma, akasema labda hakuelewa, labda mashine iko kwa fundi. Nikambana. Nikamwambia mimi ni mtoto wake na niko mbali, asipoyasema yeye hakuna mwingine. Usimlaumu, alijitahidi kukutunzia siri kadiri alivyoweza, na aliposema alisema kwa heshima, anakuita mzee wetu.

Akasema karibu kila mzigo una ongezeko. Unga ulipanda, ukashuka kidogo kama unamdanganya mtu, ukapanda tena. Ndogo ikikosekana wanaweka kubwa, sukari ya kawaida ikikosekana wanaweka ya boksi. Mwanzo ulikuwa unatia mkono kwenye mfuko wa aproni yako unampa bila hata kutazama. Baadaye ukawa unamwambia asubiri, unatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa mama mkaa, unarudi unatembea haraka kwa goti hilo ili asijue umetoka. Siku moja yeye mwenyewe akakuambia, mzee, huu unga mkubwa rudisha tu, si lazima, wengi wanarudisha. Ukamjibu kwamba cha mwanangu hakirudi nyuma. Mtu hakatai mkono wa mtoto wake.

Kisha akaniambia ni yeye aliyeibeba mashine. Aliifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira, akaipeleka kwa yule mama anayeshona sare za shule karibu na kituo cha mabasi. Ulimwambia aende polepole, na ukatembea nayo hadi kwenye kona, mkono wako uko juu ya gurudumu lake kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Kwenye kona ukasimama. Hakutaka umlipe safari ile. Ndipo ulipompa kichupa cha kwanza. Nikamwuliza pale ilipokuwa mashine sasa pana nini. Akasema pana kiti, na juu yake ukutani pana picha yangu mimi kwenye fremu, nimeshika kikapu.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Ulichutama, Baba, ukatulia hivyo, na mimi nikawa nakupigia simu kukuuliza kama sukari ilitosha.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka ulijue, maana mpaka hapa ungeweza kudhani ni ugumu wa maisha, ni duka, ni unga. Ukiwa unatikisa makoti ya zamani ulikuwa ukiniambia kikulacho ki nguoni mwako, na ulikuwa unasema kuhusu nondo, nami nacheka. Nondo ni mimi. Siku nilipoanza kukuagizia, ile programu ya duka la huko iliniuliza kwenye simu, kitu kisipokuwepo tuweke mbadala? Mtu mwingine angeweza kupita bila kuelewa swali. Mimi nililielewa kuliko mtu yeyote, ndiyo kazi yangu, ndiyo iliyonipa ile picha. Nikabonyeza ndiyo, kwa vyote, daima. Nilisema kikapu cha baba yangu hakitakuwa na tundu. Na chini yake palikuwa na maandishi madogo, tofauti hulipwa mlangoni. Niliyasoma, Baba. Sitakuambia sikuyaona. Nilidhani ni chenji ya kumwachia mwendesha pikipiki. Nilidhani hivyo kwa sababu sikuwahi kusimama mlangoni pa mtu.

Na nimefikiri jambo moja ambalo halinitoki. Niliiga kila kitu kwako, kugeuza, kutafuta kinachofanana, kukilaza kisionekane. Nilisahau moja tu. Wewe kiraka hukuwa unamtoza mwenye nguo.

Tangu siku ile nikirudi kwenye rafu mkono ulikataa. Kitu kisipokuwepo nilibonyeza hapana. Kitu kikipanda bei nilikiacha hapo hapo nikaandika hakipo. Nilidhani natengeneza. Vikapu vyangu vikawa kama nyavu. Kengele akaniita mara ya kwanza akaniuliza kama naumwa. Mara ya pili akanionyesha maneno aliyoandika mama mmoja, kwamba mwokotaji wake amemnyima mtoto wake maziwa ya unga wakati kwenye rafu yalikuwapo ya kopo kubwa, na pesa alikuwa nayo. Nikiziba namkamua mmoja, nisipoziba namlaza mwingine na njaa, na kifaa kina vitufe viwili tu. Picha yangu imeshushwa, amewekwa kijana mmoja mchangamfu, anazunguka jengo zima kama nilivyokuwa mimi. Yule bibi kikapu chake sijakiona tena, wala sijui kimeenda kwenye mkono wa nani, au kama bado kipo.

Mkataba wangu hauendelezwi. Kengele alinisomea kwa sauti ndogo, mara ya kwanza namsikia akiwa na sauti ndogo. Mwisho wa mwezi huu natoka bwenini, na sina nauli ya kurudi wala sina mahali pa kwenda hapa. Nitazunguka na wengine kwenye vituo vya mizigo, mgongo ukikubali. Kuhusu mashine, nilimwomba mwendesha pikipiki aende kwa yule mama wa sare amwulize kama angeirudisha. Alienda. Mama huyo hana ubaya, alisema atairudisha, ila si kwa ile aliyoinunulia, maana ameitia mkanda mpya na vitu vimepanda, bei ya jana si ya leo. Akataja. Mwendesha pikipiki aliniambia kiasi hicho polepole, kama ananiambia kuhusu maiti. Sina, Baba. Sina hata robo, na sitaki kukudanganya kwamba nitapata.

Kwa hiyo mzigo utakaokuja baada ya barua hii ni wa mwisho. Nimeubonyezea hapana kwa vyote. Utakuja mdogo na utakuwa na matundu, labda unga hautakuwemo kabisa. Usiyazibe. Mwendesha pikipiki ameniahidi hatapokea chochote kutoka mkononi mwako, na ukienda kwa mama mkaa atashusha boksi akimbie. Mafuta ya kichupa safari hii sikuyaagiza.

Ile picha naomba uishushe. Fremu ni nzuri, umeilipia, itie ya mama.

Nilikuwa nataka kukuuliza kila nilipopiga simu, nani anakutilia uzi kwenye sindano siku hizi, maana nilipoondoka macho yalikuwa yameanza kukataa. Nikawa nasahau, tukawa tunaongea sukari. Sasa swali halina kazi, lakini nimeliandika.

Wape salamu wote wanaoniulizia, na wasioniulizia usiwalazimishe. Mama mkaa mwambie deni lake nalijua sasa, na ni langu, si lako. Paka apewe chochote kitakachokuwemo. Nami nitakupigia Jumapili baada ya mzigo kufika, kwa simu ya kuazima. Nitakapouliza, usiniambie vyote vimefika salama. Anza na ambacho hakikufika, kimoja kimoja, hata kama salio litaisha. Nitakuwa nasikiliza.

Ni mimi mwanao,
niliyekuwa nakutilia uzi.